Kilichobaki Kikombeni

Juzi kwenye matanga ya Mzee Ndirangu, kule Donholm nyumbani kwa binti yake, watu walicheka sana, na mimi nilicheka nao. Ni baadaye nikiosha sahani ndipo nilianza kujisikia vibaya. Odhis alikuwa amesimulia kile kisa chake, ambacho kila mtu aliyewahi kushika nyundo kwenye karakana ya Mzee pale Kariobangi anakijua: jinsi Nekesa, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alivyokuja kupika mawe ya sumaku kwenye tanuri yetu, na jinsi Mzee, kwa wema wake, alivyoyang'oa kwa patasi na kuyatupa jivuni kama ukoko wa sufuria. Odhis anakisimulia vizuri kuliko mtu yeyote, anaigiza mpaka sauti ya ile patasi. Nekesa mwenyewe, ambaye sasa ni daktari wa hayo mambo na anafundisha wengine, alikuwa ameketi karibu na mlango na sahani ya pilau magotini, akicheka hadi akafuta macho. Hakuna uongo katika kisa hicho. Nimekipitia kichwani nikiutafuta na sikuupata. Lakini kinaishia katikati, na Mzee anazikwa Jumamosi, na mtu akishazikwa hawezi kurudi kumalizia. Mimi si msemaji. Shule niliiachia darasa la nane, na hata haya ninayoandika najua kuna mtu angeyaandika vizuri zaidi. Shida ni kwamba mtu huyo hakuwepo mwaka ule, na mimi nilikuwepo.

Niliingia karakana ile kama mpishi wa chai na githeri, nikabaki kama mtunza tanuri, na sikumbuki siku niliyotoka huku kuingia kule. Palikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, cheusi kwa moshi hadi kwenye boriti. Upande wa barabara walikaa waliomimina alumini kwenye mchanga kutengeneza sufuria, na Odhis ndiye alikuwa kijana wao mwenye mdomo. Upande wa ndani ilikaa tanuri ya stima, ndogo kama kabati la vyombo, ambayo Mzee alinunua ili kukomaza majembe na mapanga. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na benchi, na juu ya benchi tulikula. Siku ikiwa nzuri Odhis alitumwa Kiamaiko akaleta vichwa vya mbuzi, tukachemsha supu kwenye sufuria yenye kasoro ambayo haingeuzika, na Mzee akatoa hotuba yake ileile: kwamba chuma kina adabu, ukikiyeyusha usikiache kilale ndani ya chungu. Kikilala humo chungu kimekufa na wewe ni mtu mvivu. Niliwahi kuona akimfukuza kijana mzima kwa kosa hilo. Aliyeyusha, akaenda kujibu simu, akarudi akakuta alumini imeganda. Mzee hakupaza sauti. Alimpa koti lake tu.

Kwa hiyo Nekesa alipokuja kumweleza Mzee anachotaka, mimi nikiwa nakuna nazi ya maharagwe hapo kando, nilijua atapewa koti ambalo hakuja nalo. Alikuwa msichana mrefu mwenye viatu vya kanisani, nyumbani kwao magharibi huko, na alisalimia kila mtu kwa mkono, hata mimi mwenye mkono wa nazi. Alisema tanuri ya chuoni imeungua waya na foleni ya kungoja nyingine ni ndefu. Alitaka kuweka manganizi na kobalti kidogo ndani ya bati jingi, lile bati la kulehemu, si mabati ya paa, ayeyushe vyote pamoja kwenye kikombe cha udongo mweupe, kisha aiache tanuri ipoe polepole, zaidi ya wiki. Mzee alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, kwa upole ambao mimi niliuogopa, kama alikuwa anataka chuma kilale kwenye chungu kwa makusudi.

"Ndiyo, Mzee," Nekesa akasema. "Lakini kisilale chote."

Akaomba chai. Nilimmiminia kikombe cha moto, akatia sukari, akakoroga, akatia tena, akaendelea mpaka Odhis akamuuliza kama kwao wanauza miwa. Alisema chai ya moto inameza sukari nyingi, na ikipoa inashindwa kuishika, inaitema kidogokidogo chini. Bati ni chai. Hayo mengine ni sukari. Ukiipoza kwa haraka sukari inatoka kama unga, ukiipoza taratibu inatoka mawe makubwa yenye nyuso zilizonyooka, ambayo vitabuni yanaitwa fuwele. Halafu unamwaga chai ingali moto, unabaki na mawe. Mchanganyiko wake yeye, kwa kadiri alivyoweza kujua, hakuna aliyewahi kuutoa duniani, na alikuwa na sababu za kuamini ungekuwa sumaku. Profesa wake alikuwa amemwambia wazi kwamba bila jiwe moja kubwa la kutosha kupimwa, mwaka huo ndio wa mwisho, nafasi yake itapewa mwingine. Hilo hakulisema kwa kuomba huruma. Alilisema kama mtu anayetaja saa.

Mzee aliinywa ile chai yenye sukari yeye mwenyewe, maana hakupenda kitu kitupwe. Akasema tanuri ni yake Nekesa mpaka mvua za masika zikaribie. Wateja wa majembe wakianza kuleta, anatoka, awe na jiwe au asiwe nalo. Wakapeana mikono. Mimi nilipewa kazi ya kuangalia kisanduku chenye namba za joto, na kuangalia kimpira kilicholeta ile gesi ya mafundi wa kuchomelea alumini, ambayo ilizuia hewa isiyaunguze madini. Niliogopa kazi hiyo. Nilimwambia Nekesa kwamba mimi sikusoma. Akasema namba hazijui.

Majaribio ya kwanza yalitoka unga, kisha yakatoka kitu kama makaa, kisha kikombe kikapasuka. Kila mara Nekesa alikaa kwenye benchi, akala kilichokuwepo, akaandika, akasema tunaanza tena kesho. Hakuwahi kusema "nitaanza". Alisema "tunaanza", na mimi nikajikuta nakuja mapema kuliko nilivyotakiwa. Odhis alimtania bila kuchoka. "Niaje daktari, mifupa imeiva? Tulete ugali?" Naye akamjibu kwamba bado inataka chumvi. Siku nyingine niliwasikia mafundi wa upande wa barabara wakisema kwamba huyu msichana anapoteza ujana wake kwa kuchungulia sufuria isiyo na chakula. Mzee, akiwa amewapa mgongo, akasema hata yeye aliambiwa hivyo alipoacha kazi ya reli. Akarudi kwenye nyundo yake. Nilidhani hakuwa na maoni.

Sasa nafika kwenye kisa cha Odhis, na nitajaribu kukisema sawa. Jaribio lile Nekesa alikuwa na matumaini nalo. Joto lilikuwa limeshuka vizuri kwa siku nyingi, na alikuwa amepanga kulimwaga bati mwenyewe Jumatatu. Jumapili nilikuwa na kwaya. Mzee hakuwa mtu wa kanisa, akaniambia niende tu, yeye ataangalia. Stima ikapotea saa za mchana. Namba zikazimika, tanuri ikaanza kupoa ovyo, na Mzee akafanya kile ambacho mikono yake ilijua kufanya tangu kabla mimi sijazaliwa. Chuma kinalala. Akafungua mlango, akashika kikombe kwa koleo, akamimina bati lote kwenye kalibu, likatoka tofali dogo safi. Kisha akaona kikombe kimebaki na ukoko umeng'ang'ania chini na pembeni. Fundi hamrudishii mtu chombo chenye ukoko. Akachukua patasi.

Niliporudi alikuwa ameketi benchini na yale matunda ya kazi yake mbele yake juu ya gazeti: tofali la bati lililopigwa brashi ya waya mpaka likang'aa, na kikombe cheupe kama kipya. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu Odhis huliruka. Aliniambia, "Mpigie daktari. Mwambie stima ilipotea lakini nimemwokolea mali yake." Nami nilimpigia Nekesa nikamwambia maneno hayohayo, maana sikuwa na akili ya kutengeneza mengine.

Daftari nililokuwa nikiandikia namba za joto nimelitafuta, ukurasa wa siku hiyo. Limeandikwa: Jumapili. Stima ilipotea. Mzee kamwaga. Basi. Sikuandika uso wa Nekesa alipoingia na kushika kikombe, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, akakiweka chini taratibu. Alimshukuru Mzee kwa kuokoa bati. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ule ukoko aliutupa wapi. Na hapo ndipo Mzee alipoelewa. Hakuna aliyemweleza. Alimwangalia Nekesa, akalitazama lile tofali lake, na mkono wake ukalifunika kwa gazeti.

Kumwaga hakukuwa kosa lenyewe. Nekesa ndiye aliyenieleza haya baadaye, sitaki kujivika akili yake. Bati lilikuwa lingali moto na lilipaswa kumwagwa hata hivyo, kesho yake. Kosa lilikuwa kwamba maisha yote ya Mzee, na yangu pia, na ya kila mtu mtaa ule, kinachotoka kwenye chungu ndicho mali na kinachobaki ndicho taka. Kwa Nekesa ilikuwa kinyume. Alikuwa ametuambia hayo kwa chai na sukari, na tulimwelewa, lakini tulimwelewa kwa masikio.

Lundo la jivu lilikuwa nyuma ya karakana, la miaka, na ndani yake kila kitu: makaa, magamba ya chuma, takataka za alumini, mifupa ya vichwa vya Kiamaiko. Tulilichekecha kwenye chekecheo la mchanga, Nekesa, mimi, na kuanzia siku ya pili Odhis, ambaye hakuambiwa na mtu. Tulipitisha sumaku kubwa ya spika kuondoa magamba, na tulichokitafuta kilikuwa katika yale yaliyokataa sumaku, jambo lililomfanya Odhis aulize mbona basi tunaita jiwe la sumaku kitu ambacho sumaku haikitaki. Nekesa alisema hilo ni swali zuri na analiogopa. Ningependa kuandika kwamba ni mimi niliyekiona. Ni Odhis. Alikiinua kwenye ncha ya kidole, kipande chembamba kama kucha ya mtoto, ubavu mmoja umevunjika, na upande mwingine tambarare, unang'aa kama kioo cha saa. "Daktari," akasema, na safari hiyo hakutania, "hiki hakikutengenezwa na nyundo."

Kilikuwa kidogo mno kupimwa. Lakini Nekesa alisema kinaweza kuulizwa swali moja. Alijuana na mpandishaji ng'ombe wa huko Ruai, ambaye mbegu za mafahali huzibeba kwenye mtungi wenye hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, baridi kuliko barafu mara sijui ngapi. Bwana huyo akaja na gambuti zake zingali na samadi, akitaka kujua ng'ombe yuko wapi. Tulimpa chai. Nekesa alikifunga kipande kwa uzi wa kushonea, akakining'iniza karibu na ile sumaku ya spika, na kikaning'inia tu, kimya, kama kipande cha chochote. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, kwa ndani, mahali ambapo angeweza kusema alikuwa anapita. Kisha Nekesa akakizamisha kwenye baridi ile, moshi mweupe ukamwagika juu ya benchi letu la kulia, akakitoa haraka, akakirudisha palepale.

Kiliruka. Uzi ulivutika ukawa mshazari, kipande kimeng'ang'ania sumaku, na tulipokuwa tukitazama kikapata joto, kikalegea, kikaachia, kikarudi kuning'inia. Mpandishaji ng'ombe akaomba kirudiwe. Kikarudiwa mpaka mtungi wake ukapungua akaanza kununa. Nilipogeuka kumtazama Mzee, alikuwa hatazami benchi. Alikuwa anatazama nje, kule jivuni.

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Njiru, na majembe yakaanza kuja. Mteja wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa sokoni ambaye Mzee alimhudumia kila msimu. Alisimamisha mkokoteni mlangoni, umejaa mabapa ya majembe. Nekesa alipomwona akaanza kukusanya vitu vyake kwenye kikapu bila kuambiwa. Mimi nikazima kile kisanduku cha namba. Makubaliano yalikuwa makubaliano, na Mzee hakuwa mtu wa kuvunja neno, wala Nekesa hakuwa mtu wa kumwomba alivunje. Mzee alitoka, wakasalimiana na yule bwana, wakaulizana habari za watoto. Halafu nikamsikia akisema, "Mwaka huu peleka kwa jirani. Tanuri ina mgeni."

Yule bwana alicheka akidhani ni mzaha. Mzee akarudia. Wakajibizana kwa Kikuyu kwa muda, mteja sauti juu, Mzee sauti palepale, na mkokoteni ukageuzwa. Wengine walikuja wiki hiyo na kupewa jibu hilohilo, na baadhi yao hawakurudi tena kwetu msimu wowote. Mzee aliingia, akaona kikapu cha Nekesa kimejaa, akakichungulia kama mtu anayechungulia mboga sokoni. "Unaenda wapi?" akamuuliza. Hakuwahi kusema samahani kuhusu patasi, siku ile wala baadaye, na Odhis ana haki akisema hivyo. Mimi naandika tu alichosema badala yake.

Jaribio la mwisho tulilianza kesho yake. Nekesa alisema tanuri ikizungushiwa matofali na jivu haitashtuka stima ikipotea, na lile lundo tulilolichekecha tukalirudisha lote ndani, safi, kuizunguka tanuri kama mama anayefunika uji. Odhis akaandika kwa chaki kwenye mlango wa tanuri, herufi kubwa, USIMWAGE, na akamwambia Mzee usoni kwamba hiyo ni yake. Mzee alikubali kwa kichwa. Stima ilipotea zaidi ya mara moja. Kila mara watu wote wa karakana waliacha walichokuwa wakifanya wakatazama namba, na kila mara Mzee alikwenda kukaa nje juu ya pipa la mafuta, mikono ameikunja kwapani. Mvua ilianza. Bati la paa lilipiga kelele hata hatukusikizana, na joto likashuka, nyuzi kwa nyuzi, jinsi Nekesa alivyotaka.

Siku ya kumwaga ilipofika tuliungana sote, hata wa upande wa barabara. Nekesa alivaa glavu, akashika koleo, akaziangalia namba mara ya mwisho. Kisha akamgeukia Mzee, akamkabidhi koleo.

"Mzee, mkono wako hautetemeki. Wangu unatetemeka."

Alisita. Nilimwona akisita. Akaingiza koleo, akatoa kikombe kikiwa chekundu kwa moto, akauliza amwage wapi. Nekesa akamwambia popote, mchangani. Mzee akauliza kama ni bati lote hilo. Akajibiwa, lote.

Nimeona watu wengi wakimimina chuma. Macho yao yako kwenye ule mkondo, lazima yawe hapo, ndiyo kazi yenyewe. Mzee Ndirangu aliinamisha kikombe na bati likaanguka mchangani likiwa jeupe na zuri, likatawanyika likafanya maumbo yasiyo na kazi, naye hakulitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe. Tone la mwisho lilipodondoka akakiinua wima, akakichungulia, akakishusha ili Nekesa naye aone, na humo ndani, kwenye ukoko, yalikuwa yamesimama mabamba yenye pembe sita, makubwa kama mbegu za maboga, yamebanana, kila moja na uso wake ulionyooka. Hakuna aliyeyagusa. Odhis alivua kofia.

Juzi kwenye matanga, kabla sijaenda kuosha sahani, nilimuuliza Nekesa jiwe lile lilikuja kufanya kazi gani. Alisema hakuna, kwa kweli, linataka baridi mno. Alilipima, akapata digrii yake, watu wa mbali wakasoma, wakaendelea na mengine. Alilisema bila huzuni. Akaongeza kwamba ana wanafunzi sasa, na kabla hajawaruhusu kushika koleo huwafundisha kuuliza kwanza kipi ni taka, na huwaambia nani alimfundisha. Nikamuuliza mbona hakusema hayo Odhis alipokuwa akisimulia. Akanijibu kwamba alidhani ni zamu yangu.

Kwa hiyo Jumamosi, wakiuliza kama kuna mwingine mwenye neno, nitasimama, na nikishindwa kusema nitasoma haya niliyoandika. Sitamkanusha Odhis. Nitaanzia alipoachia, kwenye patasi, nipite jivuni na kwenye mkokoteni uliogeuzwa, nifike mchangani. Bati lile lilibaki pale lilipoanguka hadi tulipofunga mlango jioni, mali nzima, limelala. Mzee alilikanyaga akienda kunawa mikono.